Taa ya Upepo na Mtani Wangu Kikoti

Mimi ni Otmari Ngonyani. Wengi wenu mnaniita Mzee Pancha, na sina kinyongo nalo, maana hilo jina nimelitolea jasho. Nimeacha kazi. Mikono imekataa. Vidole havishiki tena chuma cha kubandulia tairi, na goti nikilipiga chini halitaki kuinuka mpaka nishike bampa ya mteja. Ninyi mnaobaki pale kijiweni kwetu Msamala mliniomba niwaachie maneno siku ile mliyoniaga kwa soda na kuku. Nikashindwa. Sijui kusema mbele ya watu wanaotafuna. Sasa naandika.

Shule niliishia darasa la nne, Maposeni. Mkiona herufi zimelala, ziinueni wenyewe. Cheti cha ufundi sina, na kompresa sikurithi kwa baba, maana baba aliniachia jembe nami nikamrudishia. Kila nilichonacho nimekipata nikiwa nimechuchumaa. Hilo nalisema kwa kujivuna na sitaomba radhi.

Nilikuja mjini Songea nikiwa tayari na ndevu, natafuta kazi yoyote ambayo si mahindi. Kando ya barabara ya kwenda Namtumbo nikamkuta mzee ameketi juu ya rimu la lori, ameshika tyubu kifuani kama anabembeleza mtoto. Huyo ndiye Mzee Saidi, Myao wa Namasakata kule Tunduru. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Una masikio?"

"Ninayo."

"Lete moja hapa."

Akanisogezea tyubu sikioni. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi nenda kalime."

Sikwenda. Nilikaa palepale mpaka jua likapinda, namtazama tu. Alipoona siondoki akaniita tena, akaniambia nilambe mdomo wa juu, niupitishe karibu na mpira bila kugusa. Nikapitisha polepole. Mahali pamoja nikasikia baridi ndogo kama pumzi ya mtoto aliyelala. Nikasema, "Hapa." Akacheka, meno yake yalikuwa machache. "Sikio linababaishwa na malori," akasema. "Mdomo uko peke yake." Kesho yake nikaanza kazi.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuchekesha. Pampu ya mkono iliyonipa mabega haya mnayoyaona. Beseni la maji. Kwa kuchoma pancha tulikuwa na pistoni kuukuu: unaifunga kwa nguvu juu ya kiraka, unamimina petroli kidogo ndani yake, unawasha, unakaa mbali na nyusi zako. Geji ya kupimia upepo ilikuwa moja, na Mzee Saidi aliifunga kiunoni kwa kamba ya katani hata akienda kuswali. Ninyi leo mna kompresa ya umeme, na umeme ukikatika mnakaa kama mmefiwa.

Mzee Saidi alikuwa na amri moja tu ambayo hakuitania. Tairi lililotembea bila upepo usilijaze mpaka ulifungue, utie mkono ndani, upapase. Ukikuta unga mweusi, kama masizi ya sufuria, basi ubavu umejisaga wenyewe. Nje litaonekana zima, hata linang'aa. Lakini limekufa, na ukilijaza upepo umeipa maiti pumzi ya kusafiria. Mteja anaweza kukutukana. Mwache atukane.

Maneno mengine yote alikuwa anatania. Siku moja alikuja mama mmoja wa Mfaranyaki, mfanyabiashara wa vitenge, gari yake inavuta upande. Akasema, "Mzee, nadhani gari yangu ina upepo." Mzee Saidi akamuuliza kwa upole kabisa, "Upepo wa tairi, mama, au ule wa kuchezewa ngoma? Maana huo mwingine mimi sina geji yake." Yule mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mzee Saidi alirudi kwao kwenye mikorosho yake alipoona macho yanamsaliti. Alifia huko. Nilikwenda kumzika, Mwenyezi Mungu amrehemu. Geji aliniachia. Haisomi sawasawa siku hizi, lakini ipo nyumbani, hamtaipata.

Baada ya hapo zikaja hizi gari ndogo zilizotumika Japani, zimejaa taa mbele ya dereva kama baa ya mtaani. Miongoni mwa hizo taa ipo moja ya njano, ina umbo la chungu kilichokatwa katikati, ndani yake alama ya mshangao. Hicho si chungu. Ni tairi lililopasuliwa ukalitazama kwa ubavu. Madereva wa hapa waliiita taa ya upepo, na wengi walikuwa na dawa moja tu: plasta nyeusi ya umeme juu yake. Gari ikauzwa, plasta ikauzwa nayo.

Mimi nilikuwa naiogopa ile taa kwa sababu sikuielewa, na nisichokielewa nakinunia. Aliyenifungua macho ni sista mmoja wa misheni. Jina lake silitaji, yu hai na hapendi sifa. Alikuja na gari yenye chungu kinawaka. Nikapima matairi yote, nikajaza, nikapima tena. Taa ipo. Nikapitisha mdomo kwenye valvu zote mbele ya sista, aibu tupu. Taa ipo. Nikaanza kusema kwamba gari za siku hizi ni za uongo. Sista akatoa kitabu cha gari kwenye kisanduku, kwa bahati cha Kiingereza na siyo cha Kijapani, akakaa kwenye benchi letu chafu na nguo yake nyeupe, akawa anasoma kwa kidole huku ananitafsiria.

"Baba Otmari, hapa wanasema na tairi la akiba."

"La akiba halitembei, sista."

"Halitembei lakini linahesabiwa."

Tukafungua nyuma, tukainua zulia. Spea haina upepo kabisa, ukiibonyeza inaingia ndani. Nikaijaza. Sista akaendesha mpaka mzunguko wa barabara na kurudi, chungu kikawa kimezimika. Nilishangilia kama nimefunga goli. Naye akacheka, akanisomea ukurasa wote wa ile taa, taratibu, mpaka nikaweza kuurudia kwa kichwa. Kwa hiyo ninachokijua kuhusu jambo hili nusu ni mdomo wa Mzee Saidi na nusu ni kitabu cha sista. Changu mimi ni kuchuchumaa tu.

Sasa nawaambia ninyi, maana bado naona mnabahatisha.

Taa ikiwaka na kutulia, kuna tairi limepungua. Usianze kubonyeza kitu. Pima yote, na spea, gari ikiwa imelala, siyo imetoka safari, kwa sababu tairi la moto linajidai limeshiba. Kipimo chake usikichukue kwenye ubavu wa tairi, pale pameandikwa mwisho wa uvumilivu wake. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo, kuna karatasi imebandikwa. Hicho ndicho. Miezi ya baridi yetu hapa, mwezi wa sita na wa saba, ukungu wa Matogoro ukishuka, wateja watakuja asubuhi taa inawaka na saa sita imezimika yenyewe. Si uchawi. Upepo ukipoa unasinyaa, tairi lilikuwa limepungua kidogo tangu zamani, baridi imelitangaza tu. Jaza.

Taa ikianza kwa kupepesa kwanza, kisha ndiyo itulie, hapo tairi linaweza kuwa zima. Kinacholia ni kile kidude cha kupimia upepo kilichokaa ndani kwenye mguu wa valvu. Betri yake imekwisha, au ninyi mmekivunja. Mnakivunja kwa sababu mnaanza kubandua tairi upande wa valvu. Anzeni mbali nayo. Nimesema hilo mpaka ulimi umeota sugu.

Halafu kuna gari ambazo hazina kidude ndani. Hizo zinahesabu mizunguko. Tairi lililopungua linakuwa fupi, fupi linazunguka zaidi ya wenzake, gari inagundua. Ndiyo maana ukimfungia mtu tairi jipya moja na matatu vipara, taa inawaka na hakuna pancha. Gari za namna hii zina kitufe, mara nyingi chini ya usukani. Ukishajaza yote sawasawa, unakibonyeza na kushikilia mpaka taa ipepese, kisha unaendesha taratibu, gari inajifunza kwamba hivi ndivyo nilivyo nikiwa mzima.

Hapo kwenye kujifunza ndipo penye kaburi. Ukikibonyeza kile kitufe kabla ya kujaza, taa itazimika vilevile. Gari haijui kwamba unaidanganya. Itashika ule ulegevu wa tairi, iseme huu ndio uzima wangu, na haitakulilia tena mpaka lizidi kulegea. Ukibonyeza tena, inakubali tena. Unaifundisha gari kunyamaza.

Naandika hili kwa sababu ya Fabiani Kikoti.

Wengine wenu hamkumkuta. Kikoti alikuwa Mhehe wa Iringa, dereva wa gari ya abiria saba, anapeleka watu Namtumbo na wakati mwingine mpaka Tunduru. Alikuja Songea kwa muda mfupi akaoa, akakaa moja kwa moja. Alimwoa Sabina, muuza mchele wa pale sokoni, Mngoni mwenzangu. Sasa mnajua Wahehe na Wangoni ni watani tangu mababu zetu walipochoka kupigana. Kikoti akiegesha gari, kabla hajazima injini, anapiga kelele za salamu ya kwao.

"Kamwene, wakimbizi! Bado mnakimbia kutoka huko kusini au mmefika?"

"Kamwene, mla mbwa. Jana mbwa wa jirani hajabweka, naona umeshiba."

"Mzee Otmari, hivi utakufa lini tuje tule ubwabwa?"

"Tangulia wewe, shimo tumeshachimba. Ulivyo mrefu, tutakukunja."

Hivyo kila siku ya Mungu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini mtani hana umri. Shikamoo aliniamkia siku moja tu, nilipofiwa na mke wangu, na siku hiyo alikaa na mimi kwenye mkeka kutwa nzima bila kutania hata neno moja. Nilimpenda yule mtu. Hapa siwezi kuandika vizuri zaidi ya hivyo.

Gari yake ilikuwa ya zile za kitufe. Nilimwonyesha mwenyewe namna ya kukitumia, jaza kwanza ndipo ubonyeze. Akaona hiyo kazi ya pili ni fupi kuliko ya kwanza.

Asubuhi moja ya baridi alikuja na abiria ndani, wote wa Namtumbo, mmoja mama mwenye kikapu cha vifaranga. "Mtani, tia upepo nyuma kushoto nikimbie."

Nikachuchumaa. Ubavu wa ndani, ule usioonekana ukisimama, ulikuwa na nundu kama ya mtu aliyepigwa. Nikamuuliza, "Taa inawaka tangu lini?"

"Inawaka kila asubuhi. Naibonyeza, inalala."

"Unabonyeza kabla ya kujaza?"

"Mtani, kidole changu ndiyo kompresa."

Kijiwe kizima kikacheka. Nikapiga jeki, nikatoa gurudumu, nikabandua tairi upande mmoja, nikatia mkono. Unga mweusi ukajaa kiganjani. Nikauonyesha.

"Hili silijazi."

"Umeishiwa upepo, mzee? Nikupulizie?"

"Spea iko wapi?"

"Nimemwazima dereva mwenzangu. Ataleta."

Nilikuwa na tairi la saizi ileile nimelitundika ukutani, limetumika lakini lina meno. Nikamwambia achukue, aende nalo, bure, atarudisha akirudi. Akageukia watu, akashika kiuno.

"Jamani, mmesikia? Mngoni anatoa kitu bure! Sasa ndiyo nimejua anataka kuniua."

Watu wakafa kwa kicheko. Na mimi, nawaambieni, mdomo ulitaka kucheka wenyewe, kwa mazoea. Nikaukaza. Nikasimama, nikafuta mkono, nikamwita kwa jina la ubatizo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Fabiani. Hapa hatutanii. Hili tairi litapasuka njiani. Utakufa."

Akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akanyoosha mikono mbinguni. "Ananililia kabla ya wakati! Mtani, ubwabwa wangu utaula, usiwe na haraka!"

Sijui kama mnaliona. Kila siku nilimwambia atakufa. Kila siku. Siku niliyolisema kweli, neno lilikuwa lilelile. Sikuwa na jingine.

Nikakataa kulirudisha tairi. Akalibingirisha mwenyewe, akavuka barabara kwa fundi mwingine, wakalirudisha kwenye rimu na kulijaza bila kuuliza. Nikamfuata kule ng'ambo na tairi langu mkononi. Akanipigia saluti, akarudi na gurudumu lake kwenye gari, akalifunga mwenyewe. Yule mama wa vifaranga akatoa kichwa dirishani, akasema, "Twende baba, hawa watani wakianza hawaishi." Kikoti akaondoka huku anapiga honi ile ya harusi.

Nilikwenda sokoni kwa mguu, haraka kuliko umri wangu. Sabina alikuwa anapepeta mchele. Nikamweleza. Akaacha ungo.

"Kaka, hata mimi nilimwambia juzi. Akaniambia, ninyi Wangoni mnataka mirathi."

"Mpigie."

Akapiga, akaweka sauti ya nje. Tukamsikia anacheka na upepo wa barabara. "Mke wangu, kaka yako ameshanihutubia. Mmepanga zamu?" Sabina akasema, "Baba, simama, nakuomba." Naye akamjibu, "Naomba na mimi, jioni unipikie panya wenu." Akakata.

Hata mke wake alikuwa mtani wake. Yule mtu alikuja mji huu peke yake, akajizungushia Wangoni: mke, marafiki, fundi, kanisa. Wote tulimpenda, na wote tulikuwa watu ambao akituangalia tu usoni anaanza kucheka. Katika mji mzima hakuwa na mtu wa kumkemea.

Mila inajua hilo. Jambo zito halipelekwi na mtani, linatumwa kwa mtu wa pembeni. Nikaikumbuka nikiwa nimesimama pale kwenye mchele, nikakimbilia duka la Bwana Hamisi, Myao muuza simenti, mtu mkavu ambaye Kikoti alimheshimu. Bwana Hamisi hakuuliza maswali mengi. Alichukua simu, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Nikamwona anaishikilia sikioni muda mrefu, uso umetulia, ananiangalia. Haipatikani. Akasema, "Labda amepita kwenye bonde, hakuna mtandao." Nikamwambia labda.

Dereva wa lori la tumbaku ndiye aliyetuletea habari. Mbele ya Lumecha, kwenye kunyooka, tairi la nyuma kushoto lilipasuka, gari ikapinduka. Mama wa vifaranga alivunjika mkono, wengine walichubuka, wote wakapona. Kikoti alifia palepale. Dereva yule alisema taa ya upepo haikuwa imewaka wakati anawaokoa. Nilimuuliza hilo mwenyewe. Bwana Hamisi alinishika bega, akasema nisiulize tena.

Tangu siku hiyo niliweka utaratibu kijiweni, na ninyi mliufuata bila kujua ulitoka wapi. Mteja akiwa mtani wangu, na kuna jambo la hatari, sisemi mimi. Namwita yeyote kati yenu asiye na utani naye amwambie, naye asimame wima na asicheke. Mlidhani mzee amechoka kuongea. Na yeyote anayekuja kuomba nimzimie taa namuuliza kwanza amejaza lini, asiponijibu sigusi kitufe, aende akanitangaze vibaya mjini kote. Wengine walikwenda, wakanitangaza. Nikawaacha.

Niliendelea na kazi baada ya hapo, matairi hayajui msiba. Nilichoma viraka, nilivunja vidude vya watu na kuwalipa, nilizeeka. Nawaachia benchi, beseni na yale makelele ya malori. Nilikuwa nataka kuishia hapa.

Lakini naona nimeyaruka mazishi. Sikusahau.

Sabina aliomba mumewe azikwe Songea. Kaka yake Kikoti, mtu mzima mwenye fimbo, alikuja kutoka Iringa na wajomba zake. Kaburi tulilichimba sisi Wangoni, kama inavyotakiwa, maana maiti ya Mhehe ni kazi ya watani. Mnajua pia kinachotakiwa baada ya kuchimba. Mtani anavaa koti la marehemu, anamwigiza, anazuia jeneza, anatukana kidogo, anachekesha waliofiwa mpaka wakumbuke kupumua. Mtani akinyamaza msibani ni fedheha. Ni kusema huyu hakuwa na watu.

Sisi tulinyamaza. Tulichimba bila neno. Udongo ulikuwa mwekundu na mzito, na kila mtu alikuwa anakwepa macho yangu. Kaka yake Kikoti akaja mpaka ukingoni, akasimama, akatutazama.

"Watani, kuna nini? Tumetoka mbali. Nitakwenda kusema nini nyumbani, kwamba Fabiani alikuwa anaishi na mawe?"

Mwenzangu mmoja akanisukuma kidogo mgongoni. Mimi ndiye niliyekuwa mtani wake mkubwa, mji mzima ulijua. Wakaniletea koti lake, lile la kijani alilolivaa asubuhi za baridi. Mikono ya koti ilinipita vidole.

Nikakaa juu ya rundo la udongo kama mtu aliye kwenye usukani. Nikapiga honi ya harusi kwa mdomo. Watu wakaguna, wakaanza kutabasamu. Nikanyoosha shingo kama yeye, nikawaamkia wakimbizi wote, nikauliza nani anakufa leo nile ubwabwa wake. Wakacheka. Nikakunja uso, nikatazama mbele kwenye taa, nikatoa kidole, nikabonyeza udongo. "Imelala," nikasema kwa sauti yake. Hapo walicheka hata wanawake waliokuwa wamejifunika khanga, kwa sababu wote walimwona. Alikuwa yeye mzimamzima.

Kisha nilitaka kuendelea, nikashindwa. Nikateleza pale kwenye rundo nikaangukia ubavuni mwa jeneza, nikalishika kwa mikono yote miwili, nikasema, "Fabiani, nilikwambia. Fabiani, nilikuja sokoni kwa mguu. Nilikupa tairi." Nikalia. Sijawahi kulia vile, hata kwa mke wangu. Nililia kwa sauti, kamasi zikashuka kwenye koti lake.

Wakacheka. Nyuma yangu nilisikia kicheko kinapanda, watu wanapigana mabega, mmoja anasema, "Huyu mzee ni noma," mwingine anasema, "Ngoja, ngoja, tazama anavyojigaragaza." Kadiri nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi. Nikainua uso nikamtafuta Sabina. Yeye hakucheka. Alikuwa ameketi chini, khanga imemshuka kichwani, ananitazama, na alipoona namtazama akainamisha macho.

Kaka yake Kikoti akaja, akanishika kwapani, akaniinua. Machozi ya kicheko yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza tangu afike. Akanipangusa udongo mabegani.

"Asante, mtani. Umelia vizuri. Kidogo niamini."

Mtani akisema na wewe lazima umjibu. Nikamwambia, "Na wewe ukifa nitalia hivihivi."

Akacheka tena, akanikumbatia, tukamshusha ndugu yake.